Ng'ombe wa Kikabaila

Katika siku za matanga ya baba yangu aliingia uani mwanamke nisiyemjua, amebeba chombo cha maziwa cha mti, kile kirefu chembamba ambacho huku kwetu tunakiita icyansi, kimefunikwa kwa kifuniko cha kusuka kilichochongoka kama paa la msonge. Hakulia, wala hakutafuta kiti. Alisimama katikati ya turubai akasubiri kuulizwa. Kabla hajaulizwa, upepo wa ziwani uliniletea harufu ya chombo chake: moshi wa majani makavu ulioingia ndani ya mti, umechanganyika na uchachu wa maziwa. Wenzangu wa rika langu mnaijua harufu hiyo, na najua wengi wenu huwarudishia mambo mema, mikono ya bibi zenu na povu jeupe juu ya midomo yenu. Mimi hunirudishia kivumishi. Simaanishi mtu wala mahali. Namaanisha neno moja zee la siasa, ambalo vijana wa leo wakilisikia hudhani ni jina la ukoo.

Neno lenyewe ni "kikabaila". Baba alirudi nalo kutoka Tanzania pamoja na godoro, redio na sanduku la vitabu. Sisi watoto tulizaliwa Mwese, katika nyanda za juu za Mpanda, ambako bibi yangu na wakimbizi wenzake walipelekwa baada ya kuhangaika kwanza upande wa Goma. Huko baba alikua, akawa mwalimu wa kisomo cha watu wazima na mjumbe wa nyumba kumi, na huko alijifunza kuipanga dunia kwa vivumishi. Uvivu wa mtu aliyezoea kuhudumiwa ulikuwa wa kimwinyi. Duka lililopandisha bei ya chumvi lilikuwa la kibepari. Lakini jambo baya kuliko yote, lile ambalo aliona limejengwa juu ya migongo ya wazee wa watu wengine, hilo lilikuwa la kikabaila, na alipolitamka alipunguza sauti kama daktari anayetaja ugonjwa mbele ya mgonjwa.

Tuliporudi Rwanda, baada ya yale ambayo msomaji hahitaji nimsimulie, tulipata nyumba Gisenyi, juu kidogo ya barabara iendayo Rugerero, yenye ukuta wa mawe meusi ya volkano. Baba akaajiriwa kufundisha. Mtaa ulipotafuta mtu wa kusimamia kundi letu la nyumba kumi, alichaguliwa yeye, kwa kuwa hakuna aliyeijua kazi hiyo kuliko yeye. Hata jina la cheo, nyumbakumi, lilikuwa limehamia Kinyarwanda kutoka kule tulikotoka. Alikuwa mtu mwadilifu. Naliandika hili mapema ili mtu asije akadhani nasimulia habari za mwizi au mlevi. Hakupokea hongo hata ya kikapu cha viazi, na katika foleni ya maji alisimama nyuma ya watoto.

Bibi, mama yake, aliishi nasi. Yeye alirudi na chombo kimoja tu, icyansi ya ujana wake, na kila asubuhi alikifukiza kwa majani makavu kana kwamba jioni angekamua, ingawa hatukuwa na ng'ombe. Alipokea kila kitu kwa mikono miwili, hata kiberiti. Hakuruhusu mtoto anywe maziwa akiwa amesimama. Alipowataja ng'ombe aliwataja kwa sifa zao, kama watu wazima wanavyotaja marehemu. Baba alikuwa akimwambia kwa upole, karibu kila siku, kwamba hizo ni desturi za kikabaila na kwamba hapaswi kuwafundisha watoto. Bibi aliitikia kwa heshima, kisha akaendelea kufukiza chombo kitupu.

Mimi nilisikiliza. Mtoto haulizi maana ya neno ambalo wakubwa wake wanalitumia kila siku. Huona aibu, akalitafutia maana mwenyewe. Nilikusanya vitu vyote alivyoviita baba vya kikabaila: icyansi, mikono miwili, magoti ya kupigwa kwa wakubwa, majina ya sifa. Nikaona vyote vinazunguka jambo moja. Na kwa kuwa watu wa mtaa walizoea kusema huyu ni ng'ombe wa kienyeji na yule ni ng'ombe wa kisasa, nikahitimisha, kwa mantiki ambayo hadi leo sioni kosa lake, kwamba kikabaila ni aina ya tatu ya ng'ombe. Nilitamani sana kumwona.

Nilimwona katika msimu wa wacengezi. Ndivyo walivyoitwa wapiganaji waliokuwa wakipenya kutoka ng'ambo ya mpaka, wakachoma mabasi na kuua watu majumbani, na kila walipopita waliacha nyuma yao vilima ambavyo askari hawakuviamini tena. Watu wa vilimani walishuka mjini wakiwa na magodoro vichwani. Mtaani kwetu ikawekwa sheria: kila mgeni asimamishwe mbele ya mkutano wa nyumba kumi, na mwenye nyumba mmoja aseme wazi kwamba anamjua. Aliyejulikana alibaki. Asiyejulikana alipelekwa kasho, ile selo ya komyuni, yaani ya ofisi ya utawala wa mahali, hadi habari zake zichunguzwe, na wakati ule uchunguzi ulikuwa mrefu na kasho lilikuwa jembamba.

Basi asubuhi moja akatokea mlangoni petu mzee mwembamba aitwaye Ntawiha, amevaa koti la mvua la kike, mkono mmoja umeshika icyansi ya maziwa na mwingine kamba ya mtamba mwekundu mwenye doa jeupe begani. Bibi alikuwa ndani. Alimtambua kwa kikohozi kabla hajamwona uso, akatoka akiwa ameshika ukuta. Mzee akapiga goti moja kwa shida, akamwita "Mabuja", neno ambalo mtumishi wa zamani alimwitia mke wa bwana wake. Nilijua kutokana na uso wa baba kwamba neno hilo nalo lilikuwa la kikabaila.

Habari yake niliijua baadaye kwa bibi, kipande kwa kipande, nami naieleza yote hapa ili isimchanganye msomaji. Babu yangu, Rutamu, alikuwa na ng'ombe na watu katika vilima vya juu ya Rugerero. Kwa desturi ya wakati ule, mtu maskini alikwenda kwa mwenye ng'ombe, akamlimia, akamjengea ua, akamsindikiza safarini, na mwisho akapewa ng'ombe. Tangu siku hiyo aliapa kwa jina la aliyempa, na ndama mmoja wa uzao ule sharti arudi kwa mtoaji, kama ishara kwamba nyumba mbili hizi hazitasalitiana. Ntawiha alipewa ng'ombe na Rutamu. Kisha yakaja machafuko, nyumba ikachomwa, babu akauawa, na Ntawiha ndiye aliyemfunga mgongoni mtoto mchanga wa nyumba ile, akamfunika kwa majani ya migomba kama mtu aliyebeba mkungu, akavuka naye kwenye mawe ya volkano hadi Goma, bibi akifuata nyuma. Mtoto yule mchanga alikuwa baba yangu. Mzee akarudi kilimani, akachunga uzao wa ng'ombe yule miaka yote tuliyokuwa Mwese. Mtamba mwekundu alikuwa ni yule ndama wa kurudishwa.

Alizungumza na baba kwa Kiswahili cha huku, ambacho alikuwa amekipata kwenye mashamba ya Wazungu upande wa Kongo. Baadaye bibi alinieleza sababu. Mzee alikuwa ametambua mara moja kwamba Kinyarwanda cha baba kina lafudhi ya ugenini, naye hakutaka kumwaibisha mwana wa Rutamu mbele ya watoto wake.

"Patron, mi sikuje kuomba," alisema. "Mi naleta ya kwenu. We ukamate tu hii kamba. Ku mkutano batauliza: nani anakujua? Mi nitajibu: mutoto ya Rutamu."

Hakuficha kitu. Mwanawe wa kiume alikuwa amepotelea kwenye kambi za Goma na hakurudi, na watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba yuko msituni na wacengezi. Bintiye alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo yeye mwenyewe alikuwa mtu asiye na mtu, na katika msimu ule hiyo ilikuwa karibu sawa na hatia.

Baba hakupaza sauti. Alimkaribisha kiti, naye mzee akakataa kukalia kiti kilicho sawa na cha baba, na nadhani hapo ndipo alipopoteza kesi yake.

"Mzee wangu," baba alisema, "mimi ni raia na wewe ni raia. Raia hampi raia mwenzake ng'ombe ili ajulikane. Utajulikana kwa haki, mbele ya wote, kama mtu mwingine yeyote. Huyu ni ng'ombe wa kikabaila. Sitamgusa."

Nilisogea haraka nimtazame vizuri, nisije nikazisahau alama zake: doa la begani, pembe changa zilizoelekea nyuma, kope ndefu nyeupe. Alikuwa mzuri kuliko ng'ombe wote wa mtaani. Nilishangaa kwamba aina nzuri hivi ndiyo iliyokatazwa.

Mzee hakulielewa neno, akauliza. Baba, kwa kuwa alikuwa mwalimu na hakuwahi kumwacha mtu na swali, akatafuta neno la Kifaransa ambalo mtu aliyefanya kazi kwa Wazungu angelielewa. "Féodal," akasema. Mzee akainamisha kichwa. Bibi, aliyekuwa amenyoosha mikono yake miwili kuipokea icyansi, akaishusha mikono hiyo. Baba akamwacha mgeni aondoke na chombo kikiwa kimejaa vile vile kilivyokuja, na katika nyumba ya bibi hapakuwa na tusi kubwa kuliko hilo.

Mzee alipoondoka, bibi alimwambia baba kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chumvi: "Neno hilo nalijua, mwanangu. Mara ya kwanza lilikuja kwangu na kiberiti." Vijana waliochoma nyumba yake walikuwa wamesoma, akasema, na aliyewaongoza alilipiga kelele neno lile lile la Kifaransa huku akimpiga babu. Baba akajibu kwamba kosa lilikuwa la kiberiti, si la neno.

Mzee alipata hifadhi kwenye banda la Mama Furaha, mwanamke wa Nyamyumba aliyeuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, na ambaye hakuna mtu mtaani aliyenusurika ulimi wake. "Mwalimu, we uko mutu ya ajabu," alimwambia baba akiwa na beseni kichwani. "Ng'ombe ya bengine inaibiwa, na ya kwako inakuja yenyewe, we unakimbia." Baba alicheka. Alimpenda Mama Furaha, kwa kuwa hakumpigia mtu magoti. Watoto wa mtaa nao wakapata mchezo: walimfuata mzee akipeleka mtamba kwenye majani, wakapiga magoti nyuma yake na kumwita bwana, naye akigeuka walikimbia.

Mkutano ulifanyika Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani, katika uwanja ulio nyuma ya shule. Tulikaa juu ya mawe. Kijana mmoja wa utawala alikuja kusikiliza, amevaa miwani ya jua, akapewa kiti cha pekee kilichokuwapo. Baba aliwasimamisha wageni mmoja mmoja, na kila mmoja alipata shemeji, au mnunuzi wake wa zamani, au mtu aliyesali naye Nyundo. Ikafika zamu ya Ntawiha. Baba akauliza kwa sauti ile ile aliyotumia kwa wengine ni nani anamjua mzee huyu.

Mama Furaha akasema anamjua kwa kukohoa, watu wakacheka. Mtu mmoja nyuma akasema aulizwe ng'ombe wake, pengine yeye ndiye anayejua mwanawe alipo. Wakacheka tena, safari hii kwa namna nyingine. Ndipo mzee akavua kofia, akaapa kile kiapo cha zamani ambacho kila Mnyarwanda anakijua, cha kumtaja aliyempa mtu ng'ombe: "Yampaye inka Rutamu." Akaapa kwa jina la babu yangu, mbele ya mwana wa babu yangu, kwamba hajawahi kumpa mcengezi hata maji.

Bibi akasimama. Alisema kwamba yeye anamjua, na kwamba mtu huyu alimbeba nyumbakumi wenu mgongoni mwake akiwa hajaota jino. Baba akamwambia, bila hasira, "Mama, kaa." Kisha akaueleza mkutano kwamba ushahidi wa mtu anayeitwa Mabuja na yule anayemtolea ushahidi hauwezi kupokewa, kwa sababu ni ushahidi uliolipwa zamani kwa ng'ombe. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Ilikuwa hoja safi. Nimesoma hoja nyingi tangu siku ile, na chache ni safi kama ile.

Kijana wa utawala akavua miwani. "Na wewe, Mwalimu? Unamjua?"

"Simjui," baba akasema. Na kwa kuwa macho ya bibi yalikuwa juu yake, akaongeza: "Aliyenibeba alikuwa mtumishi wa baba yangu. Mtumishi hubeba alichoamriwa kubeba."

Mzee Ntawiha alivaa kofia yake. Alipopita mbele yetu akiwa kati ya vijana wawili, alimwambia Mama Furaha kwamba mtamba hali majani yenye umande.

Hapa nataka kuwa wa haki, kwa sababu haki ndiyo iliyoleta balaa hili na sipaswi kuwa na haki pungufu kuliko marehemu. Sisemi kwamba desturi ile ya ng'ombe ilikuwa njema. Bibi mwenyewe aliniambia kwamba babake Ntawiha alichapwa viboko katika ua wa Rutamu kwa sababu ya uzio uliochelewa, na kwamba yeye, bibi arusi mpya wakati ule, aliendelea kusuka. Neno la baba lilikuwa sahihi. Hilo ndilo linalonitisha. Neno la uongo hukanushwa. Neno sahihi likishikwa na mtu mwadilifu humfunika mtu mzima kuanzia kofia hadi miguu, na hakibaki kitu cha kuonekana isipokuwa neno.

Mtamba alibaki amefungwa kwenye banda la Mama Furaha. Bibi alimlisha maganda ya ndizi. Siku zikapita, mzee hakutoka kasho, na watu wakaanza kuulizana mnyama ni wa nani. Baba alilifikiri jambo hilo kama alivyofikiri mambo yote, kwa dhamiri. Mali isiyo na mwenyewe katika nyumba kumi ni mali ya nyumba kumi. Akamwita mchinjaji. Nyama iligawanywa mafungu sawa, na baba akasimama pale na mizani ya kuazima hadi fungu la mwisho likalingana na la kwanza, kisha akachagua wa mwisho, akapata mbavu nyembamba na kipande cha shingo. Sijapata kuona furaha kama ile usoni pake. Kile alichokiita cha kikabaila alikuwa amekigeuza, mbele ya macho yake, kuwa cha watu wote. Bibi hakula. Sisi wengine tulikula, na baba alikula, akasifu supu.

Fungu moja aliliweka kando. Alisema Ntawiha naye alikuwa mkazi, hata kama hajathibitishwa, na haki haimruki mtu kwa sababu yuko kasho. Akamtuma mama yangu alipeleke, nami nikafuatana naye.

Wafungwa wa kasho waliletewa chakula na watu wao, na asiye na mtu aliishi kwa huruma ya wenzake. Walimtoa mzee hadi kwenye waya. Alikuwa amekonda kiasi kwamba koti lile la kike lilionekana limemeza mtu. Akafungua jani la mgomba kwa mikono miwili, akaitazama nyama, kisha akamtazama mama. Aliuliza ni ng'ombe gani. Mama alikuwa mwanamke mwenye maneno machache. Nikajibu mimi, kwa fahari ya mtoto anayejua jambo, kwamba ni yule mwekundu wa kikabaila.

Mzee aliikunja nyama tena ndani ya jani.

"Na yeye," akamuuliza mama, "alikula?"

"Alikula," mama akasema.

"Bon." Akatabasamu, na tabasamu hilo silipendi kulikumbuka, kwa maana lilikuwa la mtu aliyefika. "Basi alikubali. Ng'ombe ya Rutamu ilirudia kwa Rutamu. Sasa mi niko mutu ya kwenu, na yeye iko mutu yangu. Mumwambie Databuja akuje aseme ananijua."

Jioni mama alimfikishia baba maneno hayo neno kwa neno, mbele ya bibi, pamoja na lile Databuja, yaani bwana wangu. Bibi aliacha alichokuwa akifanya. Kwa mara ya kwanza tangu turudi nilimwona akimtazama mwanawe kama mtu anayemtarajia. Kwa sheria aliyoijua yeye hapakuwa na njia ya kukwepa: umekula ng'ombe wa mtu, umempokea mtu. Baba alinawa mikono, akafuta kila kidole.

"Nyama haina ahadi, Mama," akasema. "Mkianza kuamini hivyo, tumerudi kulekule."

Asubuhi bibi alikwenda mwenyewe komyuni kwa miguu, mkongojo mkononi. Walimpa kiti na maji, wakamweleza kwa adabu kwamba mtu hutolewa kwa neno la nyumbakumi wake. Alirudi mchana. Hakumwambia baba lolote siku ile, na tangu siku ile hakumwambia lolote lisilohusu chakula na dawa. Icyansi yake aliacha kuifukiza. Mzee Ntawiha alikufa kwa kuhara damu mle kasho kabla ya mvua kubwa, na habari ilipofika baba alisikitika kweli. Alisema makasho yamejaa mno, ataliwasilisha jambo hilo katika mkutano ujao. Aliliwasilisha.

Mwaka mmoja baadaye mwanawe Ntawiha alijulikana alipo: alikuwa amekufa kwa kipindupindu Goma siku za mwanzo za kambi, kabla hata neno wacengezi halijaanza kutumika.

Nilipokuwa mtu mzima na mwenye kamusi zangu, nililitafuta neno la baba. Niliona kwamba kabaila, katika Kiswahili cha wazee wa pwani, alikuwa mtu wa ukoo bora, mtu wa kuheshimiwa; ni wanasiasa waliokuja kumvua heshima na kumvika unyonyaji. Kisha nikalitafuta lile la Kifaransa, lile lililokuja na kiberiti. Wataalamu hawakubaliani wote, lakini wengi hulifuata hadi katika lugha moja ya kale ya Ulaya, kwenye neno lililomaanisha mali, na kabla ya mali lilimaanisha mifugo. Ng'ombe. Nilifunga kitabu, nikakaa. Katika ua ule mimi peke yangu, mtoto nisiyejua kitu, ndiye niliyedhani kwamba neno lile linahusu ng'ombe aliyesimama mbele yetu.

Sasa nirudi kwa yule mwanamke wa matangani. Kaka yangu alimuuliza anatoka wapi, naye akajibu kwamba anatoka Goma, kwamba yeye ni binti ya Ntawiha. Wengi chini ya turubai hawakulijua jina hilo. Mama alilijua, akatazama chini. Mama Furaha, ambaye sasa ni ajuza asiye na meno na alikuwa amekaa karibu na sufuria, aliacha kutafuna.

"Mi nilimuona baba yangu mule kasho, mbele akufe," mwanamke akasema, bila kupaza sauti. "Alisema: mutoto ya Rutamu alikula ng'ombe yangu, tuko bamoja. Siku atakufa, mupeleke maziwa. Njo maana naleta."

Hapakuwa na kisasi katika sauti yake. Ningalikitaka. Alikuwa ametimiza upande wao wa agano kwa mtu ambaye hakutimiza hata nusu ya upande wake, na alisimama akitungoja tupokee au tukatae, kama baba yake alivyosimama mlangoni petu. Hakuna aliyeondoka kitini. Nikainuka mimi, nikaipokea icyansi kwa mikono miwili, nikaketi chini kama bibi alivyonifundisha, nikanywa. Yalikuwa maziwa mazuri.

Hakuondoka. Alinitazama hadi nilipofuta midomo.

"Sasa," akasema, "mbele ya hawa batu, sema. Munamujua baba yangu?"

Picha ya baba ilikuwa nyuma yake, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na nusu ya waliokaa pale walikuwa wanafunzi wake.

"Tunamjua," nikasema. "Alimbeba marehemu mgongoni."

Akachukua chombo chake, akakitikisa kuhakikisha ni kitupu, akakifunika, akaenda zake bila kuaga.